Chapo Madondo Bila Kumaliza Gesi

Uliza msee yeyote wa bedsita hapa Kanairo kwa nini hapikangi, atakuambia dishi imepanda. Atataja nyama, atataja mafuta, atataja nyanya za mama mboga zenye zinapungua saizi kila wiki. Yote ni ukweli. Lakini kaa chini upige hesabu ya jikoni yako poa na utapata kitu yenye watu hawasemangi: moto ndio inakula doh. Madondo ya finje inaeza kunywa gesi ya bei kushinda hiyo finje yenyewe, na bado ikuje kwa sahani ikiwa ngumu. Hapo ndio mtu anakata tamaa, anavaa slipas, anashuka kwa kibandaski.

Na sina ubaya na kibandaski. Hao wamathe wamelisha hii tao miaka na mikaka, na wengi wao wanajua kupika kutushinda. Lakini kudishi huko asubuhi, mchana na jioni ni mshahara inaisha kabla tarehe kumi na tano. Mimi nataka tubonge vile unaeza pika kejani na meko ya kilo sita, sufuria mbili, mwiko na kisu moja, na utoe dishi yenye hata ukikaribisha mtu unajiamini. Karibu kila kitu nitakushow inarudi kwa moto: saa ya kuiwasha, saa ya kuipunguza, na kazi yenye maji inaeza kukufanyia bure ukiwa umelala.

Tuanze na mtungi, juu hapo ndio wasee wanachezwa. Kila mtungi ya gesi imechapwa uzani wake ikiwa tupu. Angalia kwa ile mkono ya juu ama karibu na shingo, utaona namba na kilo. Ukienda kununua, mwambie mwenye duka aweke kwa mizani ukiona: hiyo namba jumlisha sita, hiyo ndio inafaa kusoma. Duka yenye inakataa kupima, hama. Na zile za kujaziwa uchochoroni juu ziko na bei ya chini, wachana nazo kabisa. Usiku ya tarehe 1 Februari 2024 watu wa Embakasi walishtuliwa na mlipuko ya gesi kutoka kwa place ilikuwa inajaza mitungi bila ruhusa. Watu walikufa, wengine wakachomeka, manyumba zikaisha. Hakuna soo mbili ya kuokoa yenye inafikia hiyo.

Ukitaka kujua gesi imebaki ngapi, chukua kikombe ya maji moto, mwagilia ubavu wa mtungi kutoka juu, ngoja kidogo, halafu pitisha kiganja ukishuka. Juu kutakuwa na joto, halafu utafika mahali chuma iko baridi ghafla. Hapo ndio gesi inaanza. Hivo unajua kama utamaliza wiki ama kama wikendi ya wageni itakupata pabaya.

Cheki pia rangi ya moto. Inafaa iwe bluu. Ikianza kuwa njano na sufuria inashika masizi, kichwa ya jiko imeziba: itoe, ioshe na sabuni, zibua matundu na sindano, ikauke kabisa ndio uirudishe. Na moto isipite nje ya kitako ya sufuria. Hiyo yenye inalamba kuta za nje inapasha hewa ya nyumba tu.

Sasa kuna sayansi ndogo yenye kila mpishi wa Nairobi anafaa kuwa nayo kwa kichwa. Hii jiji iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kushinda ya pwani, so maji inachemka mapema, kwa digrii 94 ama 95 hivi badala ya ile 100 ya Mombasa. Ndio maana githeri yako inachukua masaa mingi kushinda ya beshte yako wa Likoni, na mtu wa Limuru huko juu anangoja hata zaidi. Halafu hii ndio muhimu sana: maji ikishaanza kuchemka, haiongezeki joto tena. Yenye inatoa mapovu pole pole na yenye inaruka hadi inamwagikia jiko ziko na joto moja. Ile gesi ya ziada unaigeuza mvuke tu, inapaa kwa dari. So moto juu mpaka ichemke, funika, punguza hadi chini, na uwache sufuria ifanye kazi. Hii moja tu, ukiishika, utaona mtungi inasonga siku kadhaa mbele.

Tukam kwa madondo, juu hapa ndio gesi ya wasee inaishianga.

Madondo iko na umri. Zenye zimelala kwa gunia miaka mbili kwa joto zinakauka hadi ndani, zinagoma kuingiza maji, na unaeza chemsha kutoka asubuhi hadi taarifa ya saa moja usiku. Ukifika kwa mathe wa nafaka, msalimie poa halafu uliza: "Mathe, hizi ni za msimu huu ama ni za kitambo?" Mwenye anakujua atakuambia ukweli juu anataka urudi. Mpya zinang'aa, hazina mashimo, ngozi haijakunjana. Kuhusu aina, kila nyumba iko na yake: kuna watu wa Rosecoco, kuna wa Nyayo, kuna wa Wairimu, kuna wa Mwitemania. Mimi niko upande wa madondo ya njano. Bei iko juu kidogo lakini inaiva haraka na supu yake inakuwa nzito bila kusukumwa. Ukihesabu gesi, ile tofauti ya bei inarudi.

Usiku kabla ulale, chagua mawe, osha, mimina kwa bakuli kubwa, weka maji mara tatu ya madondo. Tia na kijiko moja ya chai ya chumvi kwa nusu kilo. Najua shosho alikuambia chumvi inafanya madondo iwe ngumu. Kwa maji ya kuloweka ni kinyume: chumvi inalainisha ngozi, so zinaiva sawa bila kupasuka. Ziache masaa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi zimefura, ngozi imetulia. Toa hiyo maji, suuza, weka mpya. Na hiyo ya kwanza usitupe kama kwenu maji inakuja kwa mgao. Inafaa kwa choo.

Hapa skiza kwa makini. Madondo mbichi, sanasana zile nyekundu, ziko na sumu yenye inaletea mtu kutapika na kuendesha vibaya. Inauliwa na kuchemka kwa nguvu, si kwa joto ya uvuguvugu. So chemsha moto ikiwa juu dakika kumi hadi kumi na tano kamili kabla uwaze kupunguza. Baada ya hapo, chini, kifuniko, uendelee na maisha yako. Zenye zililowekwa na ni za msimu zitakuwa fiti kwa saa moja na kitu. Na kama mbogi ya keja yenu inaeza changa, sufuria ya presha ndio kitu ya kwanza mnunue, kabla ya spika na kabla ya kapeti. Ndani yake maji inapita digrii 110, ile shida yetu ya kuishi juu inaisha, na madondo yenye ililowekwa inaiva chini ya nusu saa.

Nyanya isiguse sufuria kabla madondo iive. Wala ndimu, wala ukwaju. Uchachu unafunga mbegu, na ukishaitia mapema utangoja hadi uchoke. Magadi nayo, ile yenye inatoka Ziwa Magadi huko Kajiado, inaharakisha kweli. Lakini inamaliza vitamini B, na ukizidisha dishi yote inaonja sabuni. Kwa githeri ya mahindi ngumu weka ya ncha ya kisu. Kwa madondo yenye umeloweka, haina kazi.

Kuna njia ingine ya wamathe yenye vijana wameisahau: kikapu bila moto. Unachemsha madondo kwa nguvu dakika kumi na tano, unafunika bila kufungua tena, halafu unaingiza sufuria yote kwa kikapu ama kartoni yenye umejaza nguo za kitambo, magazeti, chochote yenye inashika joto. Juu unafunika na blanketi, unabana pande zote. Baada ya masaa matatu ama manne unatoa, unarudisha kwa jiko ichemke tena hadi iive kabisa. Sufuria ikiwa imejaa inafanya kazi kushinda ikiwa nusu, juu kitu kubwa inapoa pole pole. Usiilaze humo hadi asubuhi; dishi yenye imefika uvuguvugu ni mahali bakteria wanapenda. Mchele ya pishori kutoka Mwea inaivia humo vizuri sana: loweka dakika ishirini, chemsha dakika tano, funga kwa blanketi nusu saa. Unapata mchele imejitenga punje kwa punje, haijashika chini, na jiko ilizimwa kitambo.

Ukiwa na friji, chemsha kilo nzima mara moja, gawanya kwa mikebe. Kwa friji inakaa siku tatu ama nne, kwa frizi hata mwezi. Na kama huna, usijitese. Kila mtaa, kuanzia Kayole hadi Kangemi, jioni kuna mathe ako na sufuria kubwa juu ya jiko ya makaa, anapima madondo ama githeri imeshachemshwa, kikombe baada ya kikombe. Huyo amegawanya moto yake kwa watu hamsini. Nunua kwake bila kuona aibu, kaanga mwenyewe. Kuna wasee wanaona hiyo si kupika. Hao hawajawahi lipia gesi yao wenyewe.

Sasa kukaanga. Ukiniuliza kitu moja yenye inatenganisha dishi ya kawaida na dishi yenye mtu anaulizia tena, nitakuambia ni kitunguu, na dakika saba zenye watu hawaipei. Wasee wanatupa kitunguu kwa mafuta, ikigeuka laini wanamwaga nyanya, wanaweka poda ya mchuzi kufunika ile ubichi. Wacha nikushow inafaa kuendaje. Kisu kwanza iwe kali. Geuza kikombe ya udongo juu chini. Ile duara ya chini haijapakwa rangi, iko mbaya mbaya. Pitisha makali hapo pole pole, upande huu na ule, mara kadhaa. Kisu kali inakata kitunguu bila kuiponda, so hata macho haikuwashi sana. Kata nyembamba na zilingane, juu zenye hazilingani zinaungua hizi zile zikiwa mbichi.

Mafuta ipate moto wa kati, tia kitunguu, nyunyiza chumvi kidogo papo hapo. Chumvi inatoa maji. Mwanzo utaskia kelele mingi, kama mvua kwa mabati. Hiyo ni maji inatoka. Usiongeze moto. Koroga, ngoja. Baada ya dakika tatu ama nne kelele inashuka yenyewe, sauti inakuwa nyembamba, kitunguu imekuwa kama kioo. Maji imeisha na sasa ndio mafuta inaanza kukaanga kweli. Hapa usitoke kuchungulia simu. Kando kando zinaanza kushika rangi ya dhahabu, harufu inageuka kutoka kali hadi tamu. Ndio saa ya saumu na tangawizi, nusu dakika tu. Halafu nyanya, za kukunwa kwa greta ndio ziyeyuke haraka na ngozi ibaki mkononi. Zipike hadi uone mafuta imejitenga, inachungulia kando ya sufuria, rangi imekuwa nyekundu ya giza. Kama mafuta haijajitenga, nyanya bado ni mbichi hata kama imekauka. Mimina madondo na ile supu yake. Chota upawa moja ya madondo, ponda kwa ubavu wa sufuria, koroga: mchuzi inashika mara moja. Dakika kumi moto chini. Mashina ya dhania katakata tia saa hii, majani ngoja hadi uzime. Poda ya mchuzi ukitaka weka, lakini onja chumvi kwanza, juu hiyo poda yenyewe imejaa chumvi.

Chapo sasa. Watu wanaogopa chapo bure. Kwa nusu kilo ya unga ya ngano, ndio robo ya pakiti ya kilo mbili, weka nusu kijiko ya chumvi, kijiko ya sukari, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na maji kama kikombe moja na kitu. Maji iwe moto yenye mkono inavumilia. Ya moto inafanya unga ishike maji zaidi, na hiyo ndio inakaa laini hadi kesho. Kanda hadi iache kushika vidole. Iwe laini kushinda vile unadhani inafaa. Unga ngumu ndio mama wa chapo ngumu. Halafu funika na uiwache nusu saa. Hii nusu saa ndio wasee wanaruka, na ndio maana wanasukuma chapo inarudi nyuma kama raba. Unga ikipumzika inaacha kubishana.

Gawanya madonge nane. Sukuma moja, paka mafuta, ikunje kama kamba, ikunje tena kama konokono, iweke kando ufanye ingine, halafu uzisukume tena zilale. Hizo safu za mafuta ndani ndio zinatoa chapo ya kufunguka. Kama huna kisukumio, chupa ya glasi yenye umeosha inafanya kazi safi. Pan iwe moto kabla chapo iguse. Pan ya uvuguvugu inakausha chapo kabla iive, unatoa kitu kama kartoni. Kwanza ipike kavu upande moja hadi itoe madoa, geuza, halafu ndio mafuta, kijiko ndogo, bonyeza kando kando. Ikitoka iingie kwa kitambaa safi, zipangane, zifunikwe. Mvuke ya wenzake ndio inamaliza kulainisha. Ukiacha chapo wazi kwa sahani, kazi yako yote inaenda na upepo.

Siku zingine zote ni sembe. Madonge kwa ugali inatoka kwa kutupa unga kavu kwa maji yenye inachemka. Koroga ngumi moja ya unga na maji baridi kwa kikombe, mimina hiyo kwa sufuria ichemke kama uji mwepesi, halafu ongeza unga kidogo kidogo ukisonga. Ikishashika, moto chini, funika, ipate dakika zake ndani hadi itoe ile harufu ya mahindi imechomeka kidogo. Sufuria usisugue na nguvu; weka maji baridi, rudi baada ya nusu saa, ukoko inatoka yenyewe.

Na unga yenye inanuka uvundo, ama yenye imeshika unyevu ikakuwa na madoa, tupa. Usiipe mtu, usiipe kuku. Mwaka wa 2004, sanasana upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa juu ya mahindi yenye ilikuwa na aflatoxin, sumu ya kuvu. Moto ya jikoni haiui hiyo sumu, hata usonge ugali masaa mangapi. Nunua ya kutosha wiki mbili, iweke mahali pakavu, juu kidogo kutoka sakafuni.

Sukuma haihitaji mengi. Osha majani ikiwa mzima, ndio ukate. Ukikata kwanza vitamini inaenda na maji kwa karai. Kama mama mboga anakukatia, leta zenye umeosha ama mwambie akuoshee kabla. Mashina usitupe, yakatwe nyembamba yaingie na kitunguu. Majani yaingie mwisho, sufuria ikiwa wazi, dakika tatu ama nne. Ukifunika sana rangi inakufa, inakuwa ya kaki. Managu ikikuwa chungu, ichemshe kidogo, mwaga hiyo maji, halafu malizia na maziwa vile watu wa magharibi wanafanyanga. Tamu kabisa.

Omena watu wanaiogopa juu ya harufu na mchanga, na hiyo ni hasara, juu hakuna protini ya bei hiyo yenye unakula na mifupa yake, kalsiamu yote ikiwa ndani. Mchanga inatoka kwa vile inakaushwa chini kando ya ziwa. Mimina maji moto juu yake, tikisa, iache mchanga ishuke, chota omena na mkono kutoka juu badala ya kumwaga yote pamoja. Rudia hadi maji ya chini iwe safi. Halafu ikaushe kwa sufuria bila mafuta dakika chache hadi ianze kulia kwa mwiko, ndio utie mafuta ikauke hadi iwe karakara. Ndimu mwisho, nusu nzima. Harufu yenye watu wanaogopa inakatwa na hiyo ndimu.

Nyama ya robo pia inaeza lisha watu wanne ukikata ndogo na uikaange kavu kwanza hadi ishike rangi kabla ya maji. Na uliza buchari mifupa ya supu. Ichemshe mara moja, supu yake ipikie ndengu, na utaona watu wanakuuliza umeweka nyama ngapi.

Vitu zikae wapi bila friji? Waru na vitunguu zitengane, zikikaa pamoja zinaharibiana. Waru zikae giza. Zenye zimekuwa kijani kata hiyo sehemu yote utupe, iko na sumu. Dhania iingie kwa kikombe ya maji kama maua. Sukuma ifungwe kwa kitambaa chenye unyevu. Yai unaishuku, itie kwa glasi ya maji: ikilala chini dishi, ikielea juu tupa. Mchele ya jana yenye ililala kwa sufuria jikoni usiku mzima usiikaange asubuhi, juu kuna bakteria inaacha sumu yenye haitoki hata ukiichoma. Ipoze haraka, iingie kwa friji ya jirani, ama pika ya kutosha tu.

Mwisho nataka tuwe serious. Gesi ukiskia harufu, usiwashe kiberiti, usiguse hata swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka nje. Ukitaka kujua inavujia wapi, paka povu ya sabuni kwa mpira na kwa maungio. Mahali inatoa mapovu ndio hapo. Mafuta ikishika moto kwa sufuria, zima jiko, funika na kifuniko, na usimwage maji kamwe. Kila usiku funga gesi kwa mtungi yenyewe. Na kama unapikia makaa, jiko isilale ndani ya nyumba na wewe, hata kukiwa na baridi ya Julai, hata kama imebaki majivu mekundu tu. Hewa yenye makaa inatoa haina harufu, haina rangi, na inaua mtu akiwa usingizini. Ambia jirani yako, ambia huyo brathe mdogo mwenye amehamia tao juzi na hana mtu wa kumshow. Jiko ya makaa inalala nje.